Dawa ya Petroli

4 Februari

Mume wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Binti yetu amepandishwa darasa na sasa anasoma vibao vyote vya barabarani kwa sauti, hata vile ambavyo ningependa asivisome. Tangu uende huko kambi ya barabara ni miezi mitano na siku sita. Usidhani nahesabu. Siku zenyewe ndizo zinazojihesabu.

Nina swali la ufundi, na kwa kuwa huko simu hazishiki, itabidi dereva wa lori la tangi la dizeli alibebe. Gari limeanza kula petroli vibaya. Zamani tanki likijaa nilikuwa nakwenda nalo wiki mbili. Sasa wiki haijaisha, taa imeshawaka. Mzigo ni ule ule, sare za shule, na mimi ni yule yule, ingawa fundi cherehani mwenzangu anadai nimenenepa.

Mzee mmoja amenipa chupa ndogo ya bluu, dawa ya petroli. Anasema unaimimina kwenye tanki kabla ya kujaza, injini inasafishika, na lita moja inakwenda mbali kuliko zamani. Najua maneno haya yanakukera, ndiyo maana nimeuliza badala ya kuimimina. Kuna ukweli wowote ndani yake? Nijibu kama fundi, halafu ukimaliza nijibu kama mume. Barua yako iliyopita ilikuwa na mistari kumi na minne, na sita ilihusu pampu ya maji.

Mkeo

•

13 Februari

Mke wangu,

Nakujibu kama fundi kwanza ili hasira zitoke.

Usiimimine. Chupa zile nazijua tangu utoto. Kwenye gereji ya baba zilipangwa dirishani kama manukato. Kila gari lililoingia kwa tatizo lolote lilitoka na chupa moja. Unajua nilivyoachana na baba kwa ajili ya chupa hizo, sirudii hadithi. Nitasema hili tu: injini iliyochafuka sana ndani inaweza kusafishika kidogo kwa dawa nzuri. Lakini gari lililotunzwa halina cha kupata. Anayekuahidi safari ndefu kwa chupa anakuuzia matumaini.

Petroli hupotea kwenye vitu vya kawaida. Matairi yenye upepo mdogo. Chujio la hewa lililojaa vumbi, hasa kwa gari la kabureta kama letu. Plagi zilizochoka. Breki inayoshika wakati hujaikanyaga. Na mguu mzito wa dereva, ambao sitaji ni wa nani.

Kabla ya kugusa kitu, pima. Chukua daftari. Kila siku andika namba za kilomita asubuhi na jioni. Ukijaza, jaza mpaka pampu ikate yenyewe, uandike lita. Fanya hivyo wiki tatu, unitumie.

Sasa kama mume. Huku tunalala kwenye makontena. Mchana tunachonga barabara, greda linatifua udongo mwekundu mpaka kwenye meno. Jioni wenzangu wanacheza karata, mimi nakaa kwenye ngazi ya kontena natazama ile barabara tuliyoimaliza, kwa sababu ndiyo inayokuja kwenu. Nikisikia tangi linakuja naenda kusimama njiani hata kabla dereva hajashuka. Jana alishuka akanitikisia kichwa: hakuna. Nilikosana na kila mtu mpaka jioni.

Mumeo

•

9 Machi

Mume wangu,

Daftari hili hapa, kurasa tatu. Nimeandika kila siku kama ulivyoagiza. Dawa sijaitia.

Nisamehe ufupi. Shule mbili zinataka sare kabla ya wiki kwisha na vidole vimejaa sindano. Binti yetu anakusalimu. Nimemfundisha kuandika neno "baba" kwa mwandiko wa kuunganisha, ameliandika ukutani.

Mkeo

•

18 Machi

Mke wangu,

Nimekaa na daftari lako siku nne kabla ya kushika kalamu.

Lita moja inakupa kilomita tisa. Kwa gari la umri ule si nzuri, lakini si ajabu. Gari halinywi kama ulivyodhani. Gari linakwenda.

Shule zako zote tatu na duka la vitambaa, nimeziendesha mwenyewe mara ngapi sijui. Wiki nzima haifiki kilomita sitini. Wewe kila wiki unapita mia moja na arobaini. Na zinazozidi zote ni za Alhamisi. Kila Alhamisi, kilomita themanini na mbili. Arobaini na moja kwenda, arobaini na moja kurudi. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Nimejaribu kukumbuka nani tunamjua kilomita arobaini na moja kutoka nyumbani. Hakuna. Shule hakuna. Ndugu hakuna.

Mimi si mtu wa kelele, unanijua. Nauliza mara moja tu. Alhamisi unakwenda kwa nani?

Fundi

•

27 Machi

Wewe,

Nimeona ulivyosaini. "Fundi." Kana kwamba mimi ni mteja.

Nilipomaliza kusoma nilikuwa na nguo mezani, shati la mtoto, nikalipiga pasi mpaka likaungua. Miaka saba tumeishi wote. Hukuuliza kama naumwa. Hukuuliza kama mtoto anaumwa. Umepiga hesabu, ukapata mwanaume.

Ndiyo, yupo mwanaume. Ana miaka sabini na mbili, na ana kichwa kigumu kama wewe. Alhamisi nakwenda kwa baba yako.

Huyo "mzee mmoja" aliyenipa chupa ndiye yeye. Gereji ameifunga mwaka jana. Anaishi kwa dada yake, yule shangazi yako; kumbe amehamia karibu na kiwanda cha matofali. Shangazi aliletwa na jirani yake dukani kwangu kununua sare za wajukuu, akaona picha yako ukutani, akakaa chini pale pale. Akaniambia kaka yake haoni vizuri. Presha ya macho. Jicho la kulia limeshakwenda, la kushoto linafifia. Daktari wa macho anamtaka kila Alhamisi, na shangazi hana gari wala miguu ya kupanda mabasi mawili. Ningefanyaje? Ningesema mume wangu hataki?

Nilikuwa nitakuambia. Kila barua nilianza kukuambia. Halafu nakumbuka uso wako jina lake likitajwa, kalamu inakwenda kwingine. Swali la dawa nililiuliza makusudi, nione kama umelainika. Hukulainika.

Siku ya kwanza nilipomfikia na mtoto, alimvuta mjukuu wake dirishani kwenye mwanga, akamshika mashavu, akamtazama kwa lile jicho moja kwa muda mrefu mpaka mtoto akacheka. Akasema, "Masikio ya baba yake." Halafu akaomba aletewe maji, akakaa anatazama ukuta.

Hajawahi kuniuliza unafanya nini huko. Lakini nikianza kusema, anamnyamazisha shangazi.

Mkeo, kama bado

•

6 Aprili

Mke wangu,

Bado. Bado kabisa. Nisamehe.

Sina cha kujitetea. Mtu akikaa mbali sana na mwenzake anaanza kuongea na mawazo yake mwenyewe, na mawazo yangu yana mdomo mchafu. Dereva aliponipa barua yako nilienda kuisoma nyuma ya katapila ili watu wasinione. Niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye shati lililoungua, nilikaa.

Kuhusu baba sijui niandike nini. Wewe unamwona mzee anayeshikwa mkono. Mimi namwona amesimama katikati ya gereji, wateja watano wapo, mimi nina miaka ishirini na tatu nimeshika chupa, nasema, "Baba, hii haisaidii kitu, nimeipima." Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimeipima mwezi mzima kwenye pikapu yetu, nimeandika kila lita, nikidhani namletea zawadi. Mmiliki mmoja wa malori akacheka. Baba akaninyang'anya ile chupa. Akasema, "Toka. Urudi siku utakapojua nani amekufundisha kushika spana." Sikurudi. Harusi yetu hakuja. Miaka kumi na moja.

Mpeleke kwa daktari. Sikukatazi. Lakini usiniombe nimwandikie.

Niambie jicho linaendeleaje.

Mumeo

•

20 Aprili

Kijana,

Mkeo ndiye anayeandika, mimi nasema. Nimemwambia asipambe.

Nasikia unauliza habari za jicho langu. Jicho ni langu, niachie mwenyewe. Mimi nina habari za gari lako, ambalo ni aibu.

Mkeo alipoingia uani Alhamisi ya kwanza, nilisikia gurudumu la nyuma la kushoto linalia. Nikamwambia breki inashika. Akasema mume wake ni fundi. Nikamwambia, mumeo angekuwa hapa angesikia, na hayupo. Wiki mbili zilizopita ndipo alipokubali, tukapandisha gari kwa jeki. Nimeweka mkono kwenye gurudumu, la moto kama pasi. Amefungua yeye, mimi nikimwelekeza. Springi ya ndani imeoza kwa kutu. Tumebadilisha. Matairi yalikuwa na upepo nusu. Chujio la hewa ungeweza kupanda mchicha ndani yake. Plagi, sisemi. Keria ya juu anatembea nayo tupu kila siku, inakamata upepo bure, tumeiteremsha.

Sasa gari liko sawa. Lita moja inampa kilomita kumi na moja na zaidi. Hiyo ni kazi ya mikono yake na masikio yangu. Bado dawa. Wewe ulisema dawa yangu haisaidii. Ulisema mbele ya watu. Haya, gari lako mwenyewe, mkeo mwenyewe, daftari lako mwenyewe. Pima tena.

Baba yako

Mume wangu, haya ni yangu, hajui naandika. Alikuwa anatembea kutoka ukuta hadi ukuta akisema maneno hayo. Alipofika kwenye "mbele ya watu" alisimama. Akaniuliza, "Umeandika?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Futa." Halafu akasema, "Acha." Na siku tunafungua breki alikaa chini kwenye udongo na mimi saa mbili, akinipokeza spana bila kukosea hata moja, anazijua kwa vidole. Alipofuta mikono alisema, "Yeye alikuwa anafanya hivi kwa nusu saa." Hakukutaja jina. Jicho si zuri. Daktari anataka kulifanyia upasuaji mwezi wa nane, kuokoa kilichobaki. Hakuahidi.

•

30 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Nimepokea. Ahsante kwa breki. Kama ni kupima, kipimo kiwe cha haki. Matanki mawili bila dawa, mawili na dawa, mawili tena bila dawa. Kituo kile kile cha mafuta, pampu ile ile, ikikata asiongeze hata tone. Njia zile zile, mzigo ule ule, mwendo ule ule. Upepo wa matairi ukaguliwe kila Jumatatu. Vinginevyo hatutajua nini kimefanya nini.

Fuata alivyosema daktari.

Mwanao

•

24 Juni

Mume wangu,

Kipimo kimekwisha. Nimefuata masharti yote. Bila dawa, lita moja ilitoa kilomita kumi na moja. Na dawa, kilomita kumi na nne. Tulipoiacha, ikarudi kumi na moja. Matanki yote sita haya hapa, nimeandika kwa wino: lita ishirini, lita ishirini, lita ishirini, mpaka la sita.

Kwa hiyo inaonekana mzee alikuwa sahihi. Mimi si fundi, nakupa namba tu.

Mume wangu, wiki hii alimwaga chai mezani akiitafuta meza. Hakutaka tuone. Aliifuta kwa mkono wa shati. Mpaka mwezi wa nane ni mbali. Ukiwa na neno la kumwambia, mwambie sasa akiwa bado anaweza kukuona ukilisema.

Nami nakutaka nyumbani. Nimechoka kukuandikia mambo ya watu wengine. Nilifua shati lako la bluu ingawa halikuwa chafu, kwa sababu halina tena harufu yako, nikaona bora linuke sabuni kuliko kutonuka kitu.

Mkeo

•

5 Julai

Baba yangu,

Shikamoo.

Nimeona matokeo. Nilikukosea. Nilisimama mbele ya wateja wako, kwenye gereji uliyoijenga kwa mikono, nikakufanya uchekwe. Sikuwa na haki. Ninaomba radhi. Nimechelewa miaka kumi na moja kusema, na sina sababu ya maana ila kwamba kila mwaka uliopita ulifanya unaofuata kuwa mgumu zaidi.

Nikiruhusiwa nitakuja kabla ya upasuaji.

Mwanao

•

15 Julai

Mwanangu,

Anaandika yule yule. Leo nimemwambia aandike kila kitu, hata yanayomhusu.

Barua yako alinisomea jana mbele ya shangazi yako. Shangazi alilia, akaenda jikoni. Mimi nilimwambia mkeo: "Lete daftari." Akasema halisomeki vizuri. Nikamwambia: "Namba nitazisikia. Soma." Akasoma zile lita ishirini mara sita. Nikamwambia: "Mama, umepika hesabu." Akaligeuza daftari. Halafu akanisomea za kweli, alikuwa amezikunja kwenye jalada. Bila dawa kumi na moja na nukta tatu. Na dawa kumi na moja na nukta mbili. Bila dawa kumi na moja na nukta nne.

Usimgombeze. Mimi nimeshamgombeza, naye akanijibu kwamba wanaume wawili wenye akili timamu wasingemfikisha huko.

Unajua nilivyojua? Kwa sababu nilishaipima mwenyewe. Ulipoondoka, nilikaa na hasira miezi miwili, halafu nikatoa pikapu ile ile, nikachukua daftari lako uliloliacha kwenye droo, nikaanza pale ulipoishia. Miezi mitatu. Nilitaka nikuite nikuoneshe kwamba mtoto hamfundishi baba. Nikapata zile zile namba zako. Nikarudia. Zile zile. Nikalifunga daftari, nikaendelea kuuza.

Utauliza kwa nini. Mteja ukimwambia atie matairi upepo na asafishe chujio, anaona umemdharau, hayo anayajua. Ukimpa chupa anakushukuru, anaenda zake na moyo mwepesi. Niliizoea ile shukrani. Na ukishauza kitu kwa miaka, kukiacha ni kuwaambia wote walionunua kwamba ulijua. Hicho kilinishinda.

Sikukufukuza kwa sababu ulikosea. Nilikufukuza kwa sababu ulikuwa sahihi na watu walisikia. Radhi uliyoomba siwezi kuipokea, haina mahali pa kukaa. Mwenye kuomba ni mimi. Naomba.

Harusi yenu nilikuja. Nilifika mpaka ng'ambo ya barabara, nikasimama kwenye duka la betri. Nilikuona ukishuka kwenye gari, ukamfungulia mkeo mlango. Koti lilikuwa kubwa mabegani. Nikageuka.

Njoo. Usingoje.

Baba yako

Mume wangu, nimeona haya. Nilidhani nikimpa kila mmoja ushindi kidogo mtakutana. Hukusema kitu kuhusu zile lita ishirini. Uliniamini, na hilo ndilo linaloniuma.

•

24 Julai

Baba, na wewe mke wangu,

Nawaandikia wote kwenye karatasi moja kwa kuwa nimechoka na siri.

Mke wangu, sikukuamini hata dakika moja. Nimejaza matanki tangu nina miaka kumi na mbili, na sijaona pampu ikikata kwenye lita kamili mara sita mfululizo. Na kungekuwa na chupa inayozaa kilomita tatu kwa kila lita, huku kambini tungekuwa tunaioga. Nilipoona namba zile nilicheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Nikajua umechoka kiasi gani.

Baba, kwa hiyo radhi yangu sikuiombea dawa. Niliiombea namna nilivyosema. Ningeweza kukuambia jioni, tukinawa mikono, sisi wawili. Nilichagua kusema wateja wakiwepo kwa sababu nilitaka waone nimekuwa fundi. Hilo nalijua tangu siku ile. Basi ipokee, mahali pa kukaa panapo. Na yako nimeipokea.

Sikujua kuhusu duka la betri. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Wenzangu wameniuliza kama nyumbani kuna msiba.

Nimeomba likizo. Msimamizi anasema greda kubwa likipona nitaondoka na tangi la kwanza. Nalala chini ya hilo greda, nakula chini yake.

Mwanao, na mumeo

•

6 Agosti

Mume wangu,

Nampa dereva karatasi hii hata wino haujakauka. Daktari ameiwahisha siku ya upasuaji, ni kesho, presha ya jicho imepanda ghafla. Kama greda halijapona, liache.

Mkeo

•

3 Septemba

Mke wangu,

Nimerudi kambini juzi. Kontena limebaki kama nilivyoliacha, ila mtu amelala kwenye kitanda changu na kuacha harufu ya sigara.

Uliniuliza siku ya mwisho tulizungumza nini, mimi na baba, ile Jumamosi ulipokwenda kupeleka sare na ukatukuta uani kwa shangazi tumekaa kimya. Nilikwambia, "Mambo ya gari." Ukanitazama ukaacha. Ahsante kwa kuacha. Nilikuwa siwezi kulisema kwa mdomo. Sasa naliandika.

Unajua nilivyofika. Siku kumi na moja baada ya upasuaji, bendeji zimeshatolewa, na hakuna alichoona. Karatasi yako ilinikuta chini ya greda. Niliomba ruhusa siku hiyo hiyo, nikaambiwa mashine kwanza. Ningeondoka kwa miguu. Sikuondoka. Hilo nitaishi nalo, na wewe usijaribu kuniondolea.

Siku ile mlangoni, mbele yenu, alinishika uso akasema tu, "Umekonda," mkacheka wote, nikacheka. Lakini Jumamosi, ulipoondoka, alisema, "Nipeleke gereji." Tukapanda basi, kisha tukatembea polepole, mkono wake begani kwangu. Funguo anatembea nazo bado. Kufuli lilikuwa limeota kutu, nikalipiga kwa jiwe. Ndani vumbi, buibui, harufu ile ile ya oili ya zamani. Nilidhani atataka kukaa. Akaniacha mlangoni, akaingia peke yake, mikono mbele, akapita shimo la magari bila kukosea ukingo, mpaka kwenye meza. Akawa anagusa kitu kimoja kimoja anakitaja. Kwenye ukuta wa nyuma akasimama. Akaniambia, "Njoo hapa. Simama kwenye mwanga wa mlango."

Nikasimama. Akanigeuzia uso. Akasema, "Niambie ulivyo."

Sikuelewa. Akasema, "Nilikuona mara ya mwisho ukiwa na koti kubwa. Niambie sasa ulivyo."

Mke wangu, mtu hajui afanyeje na swali hilo. Nikamwambia nina mvi kidogo upande wa kushoto. Akauliza, "Nyingi?" Nikasema kama vumbi la chaki. Nikamwambia nina kovu kwenye kidevu, feni ya katapila ilinikwaruza. Nikamwambia nimevaa shati la bluu. Nikamwambia mikono yangu imekuwa kama yake, kucha zile zile zisizotakata. Akacheka hapo. Nikaendelea kusema na kusema, mpaka viatu. Yeye anaitikia, "Ehe. Ehe." Kama mtu anayeandika.

Tukiwa hapo, gari likasimama nje. Mteja wa zamani, yule mwenye malori, sasa mzee naye. Ameona mlango wazi. Akaingia na kelele zake: "Mzee, umefungua! Lori langu linakula mafuta balaa, zile chupa za bluu bado zipo?"

Nilitazama chini. Nikawa tena yule kijana wa miaka ishirini na tatu.

Baba akasema, "Zile hazikuwahi kusaidia kitu. Nilijua, nikakuuzia. Huyu ni mwanangu, aliniambia siku ile na wewe ulikuwepo. Muulize yeye lori lina nini."

Yule bwana akatutazama, mmoja kisha mwingine. Hakucheka safari hii. Akaniambia, "Basi njoo ulitazame." Nikatoka nikakagua magurudumu. Niliangusha kipimo cha upepo mara mbili. Matairi manne kati ya sita yalikuwa yamelegea. Nilipomaliza nikarudi, nikamkuta baba amekaa kwenye boksi, amefunika uso kwa mikono miwili. Nikakaa chini karibu yake. Ndivyo tulivyorudi uani, na ndivyo ulivyotukuta.

Sasa yetu. Siku kumi na mbili nyumbani, na kila siku kulikuwa na mtu wa kusalimiwa. Asubuhi ya mwisho uliponifungia vifungo vya shati kama mtoto, nilitaka kusema kitu, tangi likapiga honi. Niliposhika ngazi ya lori nilikuona unarudi ndani haraka ili usilie barabarani. Njia nzima dereva alinisimulia habari za shamba lake la kuku, nikawa nasema, "Kweli kabisa," sijui hata kwa lipi.

Jana msimamizi ameniletea karatasi ya kuongeza mkataba mwaka mmoja. Amesema kazi yangu inapendwa, barabara inakaribia mpaka, na wapo mafundi wengi wanaoitaka nafasi hii. Nimemwambia awape. Karatasi nimemrudishia bila kusaini.

Nakuja mwisho wa Novemba. Mwambie baba. Msomee polepole, na akijifanya hajasikia, msomee tena.

Mumeo